Jeni Haimjui Mtoto wa Mtu

Barua ya posa ilikuwa imekwisha kuandikwa. Ilikaa juu ya sinia pamoja na fedha za kishika uchumba, imefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa pembezoni, na mshenga alikuwa ameshavaa kanzu. Tulikuwa Tanga, nyumbani kwa marehemu kaka yetu, tukimposea mwanawe. Kahawa ilikuwa inazunguka mara ya pili pale dada yangu mkubwa, shangazi wa kijana, alipokiweka chini kikombe chake.

“Kabla hamjatoka, nina neno,” alisema. “Kwa wale kuna mtoto wa selimundu. Ni mdogo wake huyo binti. Nimeambiwa na mtu wa mtaa ule ule. Tutaingiza maradhi kwenye ukoo.”

Hakuna aliyejibu. Mshenga alilitazama sinia. Kijana, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kwa adabu, aliinua kichwa akanitazama mimi, baba yake mdogo, kwa kuwa katika nyumba yetu mimi ndiye ninayesifika kwa kusoma vitabu. Sikuwa na jibu la kumpa mbele ya wazee. Nilichoweza kusema ni, “Dada, nipe wiki moja.” Mshenga akavua kanzu.

Katika wiki ile nilirudi kwenye wazo ambalo kwa nusu karne limebadili namna wanasayansi wanavyoutazama uhai, nasi tunalijua zaidi kwa uvumi: kwamba ukitaka kuelewa mageuko ya viumbe, usianze na simba wala swala, wala ukoo wala kabila. Anza na jeni. Naamini wazo hilo ni la kweli kwa sehemu kubwa. Naamini pia kwamba tunalisoma kinyume. Tunalifanya hati ya mashtaka dhidi ya watu, ilhali likisomwa vizuri linawaondolea watu lawama.

Wazo lenyewe ni hili. Mimi nitakufa. Mwembe ulioko uani utakauka. Hakuna mtoto aliyerithi mkono wa baba yake. Alichorithi ni maelezo ya namna ya kuujenga mkono, yaliyoandikwa kwenye vinasaba, na maelezo hayo hunakiliwa kwa mtoto, kwa mjukuu, kwa kitukuu na kwa kilembwe. Miili ni kama majahazi: kila moja lina siku zake, mbao zinaoza na misumari inaliwa na kutu, lakini shehena inakuwa imekwisha kuhamishiwa jahazi jipya. Jeni ndiyo shehena. Jeni ambayo kwa namna yoyote ile huwawezesha wabebaji wake kuacha nakala zake nyingi zaidi, ndiyo utakayoikuta baada ya vizazi elfu. Nyingine zimezama njiani. Hakuna aliyekaa akachagua. Huko kubaki ndiko kuchaguliwa kwenyewe.

Hoja hii ilijengwa na wengi. Mwingereza W. D. Hamilton, aliyezaliwa Cairo, aliiwekea msingi wa hesabu mwaka 1964. Mmarekani George C. Williams aliitetea kwa kitabu mwaka 1966. Aliyeifikisha kwa msomaji wa kawaida ni Richard Dawkins, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1941, kupitia kitabu chake cha mwaka 1976, The Selfish Gene, yaani jeni yenye ubinafsi. Kitabu hicho ndicho kilichozaa hata neno “meme” ambalo vijana wetu wanalitumia kila siku kwenye simu. Dawkins alilibuni katika sura ya mwisho ili kutaja wazo linalojinakili kutoka kichwa kimoja hadi kingine kama jeni inavyojinakili kutoka mwili hadi mwili.

Mtu anaweza kuuliza faida ya kutazama mambo hivyo. Chukua nyuki. Anayekuchoma hufa, kwa sababu mwiba wake unabaki ngozini mwako ukiwa umeng’oka na sehemu ya matumbo yake. Ukianza hesabu na nyuki huyo mmoja hupati jibu: inakuwaje tabia ya kujiua ikarithishwa? Ukianza na jeni, fumbo linafumbuka. Mfanyakazi huyo hazai, lakini malkia aliyemo mzingani ni mama yake, na mabinti watakaokuwa malkia wapya ni dada zake, wenye sehemu kubwa ya jeni alizo nazo yeye. Anayekufa ni jahazi moja, shehena imeokolewa. Hamilton aliiweka hivi: kujitolea huenea pale ambapo faida anayoipata ndugu, ikipimwa kwa kiwango cha udugu wao, inaizidi hasara ya anayejitolea. Ndugu wa baba na mama mmoja huchangia nusu ya jeni zao, na mabinamu wa kwanza sehemu moja kati ya nane. Wahenga waliosema damu ni nzito kuliko maji waliliona jambo lenyewe. Hamilton alitueleza uzito huo unatoka wapi.

Hesabu hiyo ilitoa mwanga hata mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Katika ardhi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia huishi fuko asiye na manyoya, mnyama mwenye ngozi ya makunyanzi na meno yaliyochomoza nje ya midomo. Mwaka 1981 mtafiti Jennifer Jarvis alieleza kwamba mafuko hao huishi kama nyuki: jike mmoja tu ndiye anayezaa, na makumi ya wengine wanachimba mashimo, wanatafuta mizizi na kulea watoto wasio wao. Ni ndugu wa karibu sana wa nasaba, na nje ya shimo hakuna maisha rahisi. Mnyama anayenyonyesha, ndugu yetu wa mbali, amefika kwa njia yake kwenye utaratibu ule ule wa mzingani.

Hata hivyo mfano unaotuhusu zaidi hauko mzingani wala shimoni. Uko kwenye damu yetu, na ulisomwa hapa hapa kwetu.

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali na kutafuta seli zinazojikunja kwa umbo la mundu. Alichokiona kilimshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni ya selimundu. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, karibu hakuna. Kwa nini jeni inayoua watoto iwe nyingi kiasi hicho mahali pamoja na adimu safari ya siku moja kutoka hapo? Allison alikumbuka kinachotofautisha sehemu hizo: mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayebeba nakala moja ya jeni hiyo ana kinga dhidi ya malaria. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba nakala moja hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Jeni hiyo ni kosa la herufi moja. Katika maelezo ya kutengeneza himoglobini, protini inayobeba hewa safi kwenye damu, herufi moja ya kinasaba imebadilika, na kwa sababu hiyo kiungo kimoja cha protini hiyo kimebadilika pia. Mwenye nakala moja, ambaye hospitalini huandikwa AS, huishi vizuri kama mwingine yeyote, na kimelea cha malaria hakistawi damuni mwake. Mwenye nakala mbili, SS, hupatwa na selimundu: seli hugandana, hujikunja, huziba mishipa midogo, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa ambayo mtu mzima asingeyastahimili.

Sasa tupige hesabu kama inavyopigwa na maumbile. Chukua kijiji ambacho watu 20 katika kila 100 ni AS. Katika ndoa 100, kwa wastani ndoa 4 zitakutanisha wabebaji wawili. Katika ndoa hizo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS. Kwa hiyo katika kila watoto 100 wanaozaliwa kijijini, mmoja hivi ataugua selimundu, na karibu 20 watatembea na kinga. Kwa upande wa jeni biashara hiyo ina faida, na ndiyo maana imedumu kwa maelfu ya miaka. Watoto karibu 20 wanakingwa na mmoja analipa. Jeni haimjui huyo mmoja. Haimchukii wala haimpendi, haisikii kilio chake usiku, na haijui kama ametoka kwenye ukoo mwema au mbaya. Neno “ubinafsi” katika jina la kitabu kile halina maana zaidi ya hii: kinachohesabiwa ni nakala, na mtoto wa mtu hamo kwenye hesabu. Dawkins mwenyewe aliandika baadaye kwamba pengine ingefaa akiite kitabu chake jeni isiyokufa, maana wengi waliishia kwenye jalada wakadhani anahubiri ubinafsi wa watu.

Katikati ya wiki ile dada alinipigia simu akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Mimi na yeye tumechangia baba. Mama yake aliachwa kabla mimi sijazaliwa, na kwetu ilikuwa mwiko kuuliza sababu. Sababu ilikuwa watoto wawili. Dada alikuwa na wadogo wawili waliomfuata, wakafa wote kabla ya kufikisha miaka mitano. Anamkumbuka wa pili: vidole vya mikono na miguu vilikuwa vikivimba kama ndizi mzuzu, macho yakigeuka manjano, naye akilala mgongoni kwake tu kwa sababu mtu mwingine akimgusa analia. Waliitwa waganga. Mmoja akasema tumbo la mama lina mkosi. Baba akaoa mke mwingine, na yule wa kwanza akarudishwa kwao na sanduku moja la bati.

Huyo mke mwingine ndiye mama yangu. Mimi nimezaliwa kwa sababu ya hukumu ile.

Ndiyo maana silisomi suala hili kama habari ya maabara. Sayansi ya jeni ingekuwa imefika uani kwetu siku ile, ingemwambia baba jambo moja tu: mtoto hawi SS mpaka apokee nakala mbili, moja kwa mama na moja kwa baba. Hakuna selimundu ya mwanamke peke yake, na ukoo mmoja hauwezi kuuingiza ugonjwa huo kwenye ukoo mwingine safi. Nchini Tanzania inakadiriwa kwamba watu kati ya 13 na 20 katika kila 100 wanabeba jeni hiyo, na kila mwaka huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa wenyewe. Koo zetu nyingi za pwani na za Kanda ya Ziwa zimo humo. Anayemkataa mwenzake kwa sababu ya selimundu mara nyingi anaikimbia damu iliyomo mwilini mwake mwenyewe.

Upotoshaji wa wazo hili hauko kwetu tu. Huko Marekani, Jeffrey Skilling, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya nishati ya Enron, ameelezwa kuwa mpenzi wa kitabu cha Dawkins. Kampuni yake iliwapanga wafanyakazi kwa madaraja na wa chini kufukuzwa, kana kwamba kushindana mpaka mwenzako aanguke ndiyo sheria ya maumbile. Watu wakafundishwa kuogopana na kudanganya, na Desemba 2001 kampuni ikafilisika. Waliokosea hapo walichukua maelezo ya namna jeni zinavyosalia wakayageuza kuwa amri ya namna watu wanavyopaswa kuishi. Kujua kwamba maji huteremka hakumlazimu mtu kujenga nyumba yake bondeni.

Kinyume cha Skilling ni George Price, Mmarekani aliyehamia London mwaka 1967 na kuandika upya hesabu za Hamilton kwa mlinganyo ambao wataalamu wanautumia hadi leo. Price aliuona wazi ubaridi wa hesabu hizo, ukamuumiza. Akaanza kugawa mali zake kwa watu wasio na makazi na kuwalaza nyumbani kwake, mpaka akabaki hana kitu. Alifariki mwaka 1975 akiwa fukara. Simsifu kwa namna alivyojimaliza. Ninachosema ni kwamba watu wawili waliona hesabu ile ile, mmoja akaifanya kibali cha ukatili, mwingine ikamsukuma kuwajali watu asiochangia nao damu. Jeni haikumchagulia yeyote kati yao.

Lugha yetu imejua siku zote kwamba damu haiamui kila kitu. Tunasema mwana wa nyoka ni nyoka, kisha tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mzee yule yule huzitumia methali zote mbili kwa wiki moja bila kujipinga. Bibi anayelea wajukuu yatima anaelezeka kwa hesabu ya Hamilton. Jirani anayemlea mtoto asiye wake, akamsomesha na kumwoza, haelezeki kwa hesabu hiyo peke yake, na mitaa yetu imejaa majirani wa namna hiyo. Wapo pia wanasayansi waliolikosoa wazo lenyewe kutoka ndani. Marehemu Stephen Jay Gould wa Harvard alishikilia kwamba kinachokutana na njaa, baridi na simba ni mwili mzima, wala si jeni moja moja, na kwamba jeni haina thamani mpaka ijulikane imo katika mwili gani na mahali gani. Selimundu inaonyesha kwamba pande zote mbili zina la kusema. Jeni ile ile ni ngao Muheza kwenye malaria na mzigo mtupu London.

Kufikia hapa wazo limetusaidia kuelewa. Sasa limeanza kuwa chombo cha kufanyia kazi, na hapo ndipo nataka wasomaji wa Kiswahili wasilale.

Kwa kawaida jeni ina nafasi ya nusu kwa nusu ya kumfikia mtoto. Lakini zipo zinazouvunja utaratibu huo. Katika panya wa nyumbani kuna kifungu cha jeni ambacho dume anayekibeba huwarithisha karibu watoto wake wote, ijapokuwa panya anayekipokea kwa wazazi wote wawili mara nyingi hufa au huwa tasa. Kifungu hicho kinaenea huku kikiwadhuru wanaokibeba. Aliyezoea kuanza na mnyama hawezi kulielewa jambo hilo. Anayeanza na jeni analielewa mara moja. Mwaka 2003 Austin Burt wa Imperial College London aliuliza swali lililofuata: kama maumbile yanaweza kueneza jeni yenye madhara, kwa nini sisi tusieneze ya namna hiyo ndani ya mbu anayeua watoto?

Karibu miaka kumi baadaye ulipatikana mkasi wa kukatia vinasaba uitwao krispa, na swali la Burt likawa kazi ya mikono. Mwaka 2018 watafiti wa chuo hicho walichapisha matokeo ya mbu wa Anopheles gambiae waliowekewa jeni inayojinakili yenyewe kwenye kromosomu pacha, hivyo karibu kila mtoto anairithi. Jike mwenye nakala mbili hazai wala hawezi kuuma. Ndani ya vizimba vya maabara, mbu wote walitoweka katika kizazi cha 7 hadi cha 11. Njia nyingine haiwaui mbu, inawafanya wasifae kubeba malaria. Njia hiyo inashughulikiwa Bagamoyo, ambako watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, wakishirikiana na Imperial, wamewatengeneza mbu wanaotoa protini za kudumaza vimelea vya ugonjwa huo. Mbu hao wamo maabara, nyuma ya milango ya ulinzi. Uganda nayo inafanya utafiti wa namna hii kupitia taasisi yake ya virusi iliyoko Entebbe.

Hili si jambo dogo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, malaria iliua watu wapatao 597,000 mwaka 2023, asilimia 95 wakiwa Afrika, na wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Chandarua kimeokoa wengi, lakini mbu wamejifunza kuistahimili dawa yake. Kwa hiyo mimi naunga mkono kazi ya Bagamoyo, naiunga mkono kwa sauti. Lakini jeni ya namna hii ikishatoka nje haiombi ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, na haisimami mpakani Horohoro kugongewa muhuri. Ni uamuzi wa nchi nyingi kwa pamoja, na kuurudisha nyuma ni vigumu. Burkina Faso imetupa somo. Mwaka 2019 mbu dume tasa waliachiwa huko katika kijiji cha Bana, wasio na jeni ya kujieneza, kama hatua ya kwanza ya kujifunza. Agosti 2025 serikali ikausimamisha mradi mzima. Ipo hatari ya kazi nzuri kufa kwa uvumi, na ipo hatari ya kazi yenye kasoro kupita kwa sababu hakuna aliyeielewa vya kutosha kuuliza. Dawa ya hatari zote mbili ni watu kuelewa.

Na historia inatudai tuwe wakali katika hilo. Katika kutafuta ushahidi wake, Allison alitumia wanaume 30 Wajaluo waliojitolea, 15 wenye jeni ya selimundu na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria. Kati ya wasio nayo 14 waliugua; kati ya wenye nayo, wawili tu. Dunia nzima ya sayansi ya mageuko inakumbuka namba hizo. Majina ya wanaume wale hayakumbukwi vitabuni, na leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeupitisha utafiti wa namna ile. Elimu ilichotwa kwenye damu yetu. Haki ya kuielewa, kuikubali au kuikataa lazima nayo iwe yetu, kwa lugha yetu.

Kwa hiyo nataka mambo matatu. Kwanza, mtoto anayezaliwa katika mikoa yenye selimundu nyingi apimwe siku zake za mwanzo kwa tone la damu la kisiginoni. Wataalamu wa Muhimbili, Profesa Julie Makani akiwa mstari wa mbele, wamefanya kazi kwa miaka mingi kuonyesha kwamba mtoto huyo akijulikana mapema, akapewa penisilini, chanjo na baadaye haidroksiyurea, hukua, husoma na huoa. Pili, somo la jeni lifundishwe kwa Kiswahili na mfano wake wa kwanza uwe selimundu, kabla ya njegere za mtawa Mendel, maana njegere hazijavunja ndoa ya mtu. Tatu, mradi wowote wa mbu hawa ujadiliwe hadharani, barazani, kwenye redio za jamii, pamoja na hasara zake, kabla ya tarehe ya kuwaachia kupangwa.

Kuna atakayesema tungoje. Malaria ikiondoka, jeni ya selimundu itakosa kazi, itapungua yenyewe. Ni kweli itapungua. Lakini Wamarekani weusi wamekaa mbali na malaria yetu kwa vizazi vingi, na hadi leo mmoja katika kila 13 hivi bado anaibeba. Maumbile hayana haraka. Mtoto anayelia usiku wa leo anatungoja sisi.

Ijumaa ya wiki ile tulikwenda kupimwa, mimi na dada. Mama yangu mzazi, ambaye bado yu hai, aliomba tumchukue naye. Kijana na mchumba wake walikwenda siku yao. Majibu yao ni yao, nami sikuuliza. Ya kwetu yalirudi baada ya siku chache. Dada ni AS. Mimi ni AS. Mama yangu ni AA, hana nakala hata moja ya kunipa.

Muuguzi alichukua kalamu akatuchorea maduara mawili juu na mistari ikishuka. Dada alifuatisha mstari wangu kwa kidole, polepole, mpaka ukamfikisha kwenye duara la baba. Akakaa kimya. Halafu akaurudia.

“Kwa hiyo na baba alikuwa nayo,” alisema.

“Alikuwa nayo, dada.”

“Na mama hakuwa na mkosi.”

Aliikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga mahali anapofungia fedha. Tulipotoka nje akaniomba simu. Alimpigia mshenga akamwambia avae kanzu, na kwamba safari hii sinia atalibeba yeye mwenyewe.